Sura ya Saba: Chanzo Kimoja, Koki Nyingi

Nyumba ya kaka yangu iko Gwarama, ubavuni mwa kilima, pale migomba inapoishia na mteremko unapoanza. Ndani kuna kompyuta tatu. Ya kwanza ni ya mezani, ya mtumba, ambayo kaka, akiwa mwalimu, huitumia kutunga mitihani. Ya pili ni mpakato wa binti yake mkubwa, anayesoma chuo na kurudi nyumbani wakati wa likizo. Ya tatu ni mpakato mdogo wa wadogo zake wawili walioko sekondari. Ukijumlisha na simu za wazazi na za watoto, vifaa vinavyoomba intaneti kwenye nyumba hiyo vinafika saba, na kwa muda mrefu kila kimoja kilikuwa na bando lake.

Siku moja kaka alinipigia. "Mdogo wangu," alisema, "kila wiki nanunua bando, na kila wiki naambiwa limeisha. Njoo uniangalizie hiki kitu kinavujia wapi."

Nilipenda alivyosema "kinavujia". Katika nyanda hizi za juu za Buha watu wanayajua maji ya mserereko: chanzo kiko juu kilimani, bomba linashuka, na koki zinagawa maji kijijini. Maji yakikatika, mtu mwenye busara hakimbilii kuchimba chanzo kipya. Kwanza anatembea na bomba, hatua kwa hatua, akitafuta palipoloa. Intaneti ya nyumbani huwa nafuu kwa njia hiyohiyo. Gharama kubwa ya familia nyingi inatokana na bomba linalovuja zaidi kuliko ufinyu wa chanzo. Katika sura hii tutatembea na bomba hilo tangu mnara hadi kwenye meza ya mtoto anayefanya kazi ya shule.

Wi-Fi si intaneti

Tuanze kwa kutenganisha vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Intaneti ni maji yanayotoka mbali. Wi-Fi ni bomba la ndani ya nyumba. Ruta ikiwaka, kompyuta zako zote huunganishwa zenyewe kwa zenyewe hata kama laini haina senti. Unaweza kutuma faili kutoka chumba hiki hadi kile, unaweza kuchapa karatasi kwenye printa iliyo sebuleni, na hutakatwa hata MB moja. Bando huliwa pale tu data inapovuka kizingiti cha nyumba kwenda mnarani au kurudi.

Bomba hili la ndani halilipiwi kwa sababu ya uamuzi wa zamani. Mwaka 1985 Marekani iliruhusu sehemu fulani za masafa ya redio zitumike bila leseni ya mtu mmojammoja, na nchi nyingine zikafuata mkondo huo. Kiwango cha kwanza cha teknolojia tuliyokuja kuiita Wi-Fi kilitolewa mwaka 1997. Ndiyo maana leo unaweza kuwasha ruta nyumbani bila kumwomba mtu masafa.

Basi kazi yetu ina sehemu tatu: kutafuta chanzo kizuri, kuweka bomba linalofika kila chumba, na kuziba mianya. Wengi huanza na sehemu ya pili kwa sababu ndiyo inayouzwa madukani. Sisi tutaanza na chanzo.

Kutembea na daftari

Gwarama ni kata ya wilaya ya Kakonko, mkoani Kigoma, wilaya iliyomegwa kutoka Kibondo mwaka 2012. Ni nchi ya vilima na mabonde, na mawimbi ya simu hayapendi vilima. Nyumba mbili zilizo umbali sawa na mnara zinaweza kutofautiana kama mchana na usiku, moja ikiuona mnara ng'ambo ya bonde, nyingine ikiwa imejificha nyuma ya ukingo. Kwa hiyo usiulize tu, "Mtandao gani mzuri hapa?" Uliza, "Mtandao gani mzuri kwenye kona ipi ya nyumba yangu, na saa ngapi?"

Vijistari vya ishara juu ya kioo cha simu havitoshi kukujibu. Kwenye simu nyingi za Android, ingia kwenye Mipangilio, kisha Kuhusu Simu, kisha hali ya laini. Utaona namba yenye alama ya kutoa mbele yake, ikifuatwa na herufi dBm. Hiyo ndiyo nguvu ya ishara. Kadiri namba inavyosogelea sifuri ndivyo ishara ilivyo na nguvu. Kwa 4G, –85 ni ishara nzuri, –100 inavumilika, na ukivuka –110 utaanza kuteseka. Kipimo hiki kina tabia ya kukumbuka: kila hatua ya 3 ni kuongeza nguvu maradufu au kuipunguza nusu, na kila hatua ya 10 ni mara kumi.

Nilimpa mpwa wangu wa kidato cha pili daftari na kalamu, mimi nikashika simu. Tulizunguka nyumba nzima. Kila mahali tulisimama nusu dakika ili namba itulie, naye akaandika: sebuleni, –114. Chumba cha wazazi, –111. Barazani, –106. Stoo ya nyuma, kwenye dirisha linalotazama bonde, –97.

"Baba mdogo, stoo imeshinda sebule?" aliuliza.

Ilikuwa imeishinda kwa hatua 17, ambazo ni nguvu karibu mara hamsini. Sebule ilikuwa upande wa migomba, na majani ya mgomba yamejaa maji, nayo maji humeza mawimbi. Stoo ilikuwa na dirisha lililo wazi kuelekea mnara. Kwa miezi yote ile familia ilikuwa ikikaa sebuleni na kununua bando la kuhangaika, huku chanzo kizuri kikiwa nyuma ya magunia ya maharage.

Rudia matembezi hayo kwa laini za mitandao tofauti, azima hata ya jirani kwa dakika kumi, na upime asubuhi na pia saa mbili usiku. Usiku watu wengi huwa mtandaoni, na mnara wenye ishara kali unaweza kuwa na foleni ndefu. Anayekaa karibu na mpaka wa Burundi azingatie jambo moja zaidi: simu au ruta inaweza kudaka mnara wa ng'ambo, na gharama za mtandao wa nje ni nyingine kabisa. Zima huduma ya kutumia mtandao wa nje, kisha uchague mtandao wako kwa mkono.

Nani abebe laini

Ukishajua kona na mtandao, sasa chagua kifaa. Viko vya aina tatu, na vyote vinafanya kazi.

Cha kwanza ni simu uliyonayo, ukiwasha hotspoti. Haiongezi gharama, na kwa kompyuta mbili inatosha. Udhaifu wake ni kwamba mwenye simu akienda sokoni, intaneti imeenda sokoni. Betri nayo huchoka kwa kuchajiwa huku inafanya kazi na kupata moto. Lakini ukiwa na simu ya zamani ya 4G, hata yenye kioo kilichopasuka, ibandike kwenye kona yako nzuri na uigeuze kuwa mtumishi wa nyumba. Ni njia nafuu kuliko zote.

Cha pili ni maifai, kile kiruta kidogo chenye betri kinachoingia mfukoni. Kinabeba vifaa kumi hivi na umeme ukikatika kinaendelea kwa saa kadhaa. Kinamfaa anayehamahama.

Cha tatu ni ruta ya 4G ya kukaa mahali pamoja. Hii ina antena kubwa kuliko simu, hubeba vifaa vingi kwa wakati mmoja, ina matundu ya waya kwa kompyuta ya mezani isiyo na Wi-Fi, na baadhi zina matundu ya kufungia antena ya nje. Kwa nyumba yenye kompyuta tatu na simu nne, hii ndiyo niliyoichagua.

Kabla ya kulipa, muulize muuzaji swali moja: "Inakubali laini zote?" Ruta nyingi zinazouzwa kwa bei ya chini zimefungwa kwenye mtandao mmoja. Miaka ya nyuma nilinunua moja katika duka la mjini bila kuuliza, nikafika nayo kijijini ambako mtandao ule haukuwa na 4G, ikabaki juu ya kabati. Nenda dukani na laini yako, iwekwe, iwashwe, uone inashika, ndipo utoe fedha. Laini hiyo isajiliwe kwa jina lako na kwa alama za vidole kama laini nyingine. Ukipiga *106# utaona namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako.

Kuta, mabati na magunia

Ruta ikiwa stooni, je, sebuleni watapata? Hapo ndipo swali la bomba linapoanza.

Ruta nyingi za kisasa hutoa Wi-Fi kwa masafa mawili. La kwanza, GHz 2.4, linapenya kuta vizuri zaidi na kwenda mbali. La pili, GHz 5, lina kasi kubwa lakini huchoka upesi likikutana na ukuta. Katika nyumba ya matofali ya kuchoma yenye kuta nene, tegemea la kwanza na uliache la pili kwa kompyuta iliyo chumba kimoja na ruta. Bati halipitishi mawimbi, linayarudisha. Kwa hiyo mlango wa chuma, kabati la chuma, au karatasi za bati zilizoegeshwa ukutani zinaweza kukinyima chumba kizima. Kioo kikubwa cha kujitazamia nacho kina utando wa madini nyuma yake. Na pipa la maji hufanya kama ule mgomba.

Iweke ruta juu, usawa wa kichwa cha mtu mzima au zaidi, na isifichwe nyuma ya kitu. Tuliipigilia rafu ndogo ya mbao kando ya dirisha la stoo, tukayasogeza magunia upande wa pili, na mlango wa mbao wa stoo ukaachwa wazi nyakati za kazi. Sebuleni Wi-Fi ilifika vizuri. Kumbuka hesabu hii: ni rahisi kuisukuma Wi-Fi mita kumi ndani ya nyumba kuliko kuuvuta mnara kilomita tano kupitia migomba. Ruta ikae panapomfaa mnara kwanza, ndipo ufikirie vyumba.

Kama una nyumba ya nje, kwa mfano jiko la nje lenye chumba cha vijana, waya wa mtandao unaweza kwenda hadi mita 100, lakini kwa sababu nitakayoieleza sasa hivi, sipendi waya wa shaba upite nje. Tumia ruta ya pili iliyowekwa dirishani kupokea Wi-Fi na kuipitisha. Ruta ya namna hiyo hupunguza kasi karibu kwa nusu, kwa kuwa inasikiliza na kusema kwa masafa yaleyale, lakini kwa kusoma na kutuma kazi inatosha.

Umeme na radi

Kwa miaka mingi miji ya Kibondo na Kasulu ilikuwa nje ya gridi ya Taifa, ikitegemea jenereta za dizeli. Mwaka 2022 gridi ilifika kutoka upande wa Nyakanazi. Hilo ni jambo kubwa, lakini nyumba nyingi za vijijini bado zinatumia sola, na hata zenye nguzo hukatikiwa umeme. Habari njema ni kwamba ruta hula kidogo sana.

Angalia adapta yake. Imeandikwa V 12 na A 1, yaani isizidi wati 12, na kwa kawaida ruta hutumia kama wati 8. Ukiiwasha saa 6 kwa siku, ni saa-wati 48. Betri ya V 12 yenye Ah 20 inabeba saa-wati 240. Kama ni ya risasi na asidi usiishushe chini ya nusu, hivyo una 120 za kutumia, siku mbili na ushee bila jua. Paneli ya wati 50 kwenye jua zuri huirudishia betri hiyo mzigo wake bila taabu. Linganisha na kompyuta ya mezani, ambayo pamoja na kioo chake hula wati 100 au zaidi, wakati mpakato hula nusu ya hapo au chini yake. Anayenunua kompyuta ya pili kwa ajili ya nyumba ya sola anunue mpakato.

Usipitishe umeme wa betri kwenye inveta kisha kwenye adapta kwa ajili ya ruta peke yake, maana utapoteza sehemu njiani kila unapobadilisha. Ruta ya V 12 inaweza kuchukua moja kwa moja kutoka betrini kupitia kidhibiti kidogo cha volti. Kidhibiti ni lazima, kwa sababu betri inapochajiwa hupanda hadi V 14 na zaidi.

Sasa radi. Watu wa Kigoma hawahitaji kuelezwa radi ni nini. Utafiti wa setilaiti uliochapishwa mwaka 2016 ulitaja mahali panapopigwa na radi nyingi zaidi duniani: Ziwa Maracaibo nchini Venezuela, mapigo 233 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka, na pa pili ni Kabare, mashariki mwa Kongo, 205. Kabare iko magharibi ya Ziwa Kivu, si mbali sana na vilima vyetu. Waya mrefu wa shaba uliopita nje, au antena iliyosimamishwa juu ya mlingoti, ni njia ya kuikaribisha radi sebuleni. Ukifunga antena nje, mlingoti uwe na waya mnene wa arthi unaozama ardhini. Na mawingu yakianza kunguruma, chomoa adapta kwenye soketi, usizime swichi tu, kisha iache ruta iendelee kwa betri. Wafundishe watoto hilo kama unavyowafundisha kufunga mlango, na wachomoe mapema, mvua ikiwa bado mbali.

Pale bando linapomwagikia

Tulipowasha ruta siku ya kwanza, kaka alifurahi. Siku ya nne aliniita tena: bando lililotarajiwa kukaa mwezi lilikuwa limebaki chini ya nusu. Hapa ndipo familia nyingi hukata tamaa na kurudi kwenye vibando vya siku. Na hapa ndipo siri yote ya unafuu ilipo.

Kompyuta na simu hudhani kwamba Wi-Fi ni ya bure. Simu ikitumia laini yake yenyewe hujibana: husubiri kupakia picha, huahirisha masasisho, hupunguza ubora wa video. Ikionja Wi-Fi tu, hulegeza mkono. Picha zote za harusi ya mwaka jana hupandishwa kwenye hifadhi ya mbali. Programu thelathini hujisasisha. Kompyuta ya Windows iliyokaa miezi bila mtandao huomba masasisho yake yote, na sasisho moja la mwezi linaweza kula mamia ya MB, lile kubwa likala GB kadhaa. Zidisha kwa kompyuta tatu. Hakuna aliyeangalia filamu, hakuna aliyekosea, na bando limekwisha.

Dawa iko ndani ya vifaa vyenyewe. Kwenye Windows 10 na 11, fungua mipangilio ya mtandao huo wa Wi-Fi na uwashe swichi inayoiambia kompyuta kwamba mtandao huu unalipiwa kwa kipimo. Sehemu kubwa ya masasisho husimama hadi utakapoyaruhusu. Simu za Android zina swichi kama hiyo kwenye maelezo ya mtandao wa Wi-Fi. Kisha zima upakiaji wa picha wa kujiendesha, zuia WhatsApp isipakue video zenyewe, na weka masasisho ya programu yafanywe kwa mkono. Usiyaache masasisho moja kwa moja, kwa sababu yanaziba matundu ya usalama. Panga siku moja ya mwezi, kompyuta moja baada ya nyingine, ukijua umetenga GB ngapi.

Video ndiyo koki kubwa kuliko zote. Saa moja kwa ubora wa 1080 inaweza kula GB 1.5 hadi 3. Saa hiyohiyo kwa ubora wa 480 hula takribani MB 500 au pungufu, na mwanafunzi anayemsikiliza mwalimu wa hisabati ubaoni anasoma kila kitu vizuri. Tulikubaliana kama familia: masomo kwa 480, na kitakachotazamwa zaidi ya mara moja kipakuliwe mara moja.

Halafu piga hesabu ya bando lenyewe. Gawanya shilingi kwa idadi ya GB, lakini GB ulizotumia, si zilizoandikwa kwenye tangazo. Bando la siku la MB 500 lililoisha muda likiwa na MB 200 ndani limekupa MB 300 tu. Vifaa saba vikiwa na vibando saba, kila kimoja humwaga masalia yake usiku wa manane. Bando moja la mwezi kwenye ruta halina masalia saba. Ruta nyingi pia zina ukurasa wa ndani, unaofunguliwa kwa anwani iliyobandikwa chini ya kifaa, unaoonyesha data iliyotumika na kukuruhusu kuweka kikomo. Kwa kaka tuliigawa: mwezi una wiki nne, na kila Jumapili jioni mpwa wangu anaandika namba kwenye daftari lilelile la matembezi. Mwezi wa pili bando lilifika siku ya ishirini na tisa.

Ufunguo wa nyumba

Badilisha maneno ya siri mawili: la Wi-Fi na lile la kuingilia ukurasa wa ruta, ambalo kiwandani huwekwa moja kwa ruta nyingi. Chagua ulinzi wa WPA2 au WPA3. Neno la siri refu, maneno manne matano ya kawaida ya Kiswahili yaliyoungwa bila mpangilio, ni gumu kuvunja kuliko jina la mtoto na mwaka wake wa kuzaliwa.

Mgeni akija, ukarimu wetu hauruhusu kumnyima. Ruta nyingi zina mtandao wa wageni wenye neno lake la siri, unaoweza kuuzima akiondoka. Utumie huo. Laini iko kwa jina lako, na chochote kitakachofanywa kupitia laini hiyo kitaanza kuulizwa kwako chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Na ukifikiria kuwauzia majirani intaneti, hiyo si nyumba tena, ni huduma, na leseni yake iko kwa Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA.

Vilima na visiwa vingine

Ukifikiri haya ni madogo, tazama wengine walivyoyakuza. Mwaka 2007 huko Gulu, kaskazini mwa Uganda, mradi wa BOSCO wa jimbo kuu la Kanisa Katoliki ulianza kuziunganisha kambi za watu waliohamishwa na vita kwa Wi-Fi ya masafa marefu na kompyuta za sola zinazokula umeme kidogo. Kwenye kisiwa cha Idjwi, katikati ya Ziwa Kivu, Mwami Roger Ntambuka alitaka watu wake wapate intaneti, na ukazaliwa mtandao wa jamii unaoitwa Pamoja Net. Kibera, Nairobi, wapo TunapandaNET wanaounganisha shule na vituo vya vijana. Kondoa, mkoani Dodoma, upo mtandao wa jamii uliojaribu kutumia masafa yasiyotumika ya televisheni. Na hapa kwetu, kambini Nyarugusu, wilaya ya Kasulu, madarasa ya mpango wa Vodafone Foundation na UNHCR ulioanza mwaka 2013 yanatumia muunganisho mmoja kuhudumia tableti nyingi.

Wote hao wamekubaliana juu ya mambo yaleyale: chanzo kimoja kilichowekwa pazuri, umeme mdogo unaotunzwa, na maudhui yanayohifadhiwa karibu na msomaji. Hilo la mwisho ndilo lililobadilisha kabisa nyumba ya kaka.

Maktaba ya ndani

Ipo programu ya bure inayoitwa Kiwix, iliyoanzishwa mwaka 2007. Inakuwezesha kupakua Wikipedia nzima, ikiwemo ya Kiswahili, ambayo ilianza mwaka 2003 na sasa ina makala zaidi ya 80,000, na kuiweka kwenye kompyuta yako. Kompyuta hiyo inaweza kuigawa kwa nyumba nzima kupitia Wi-Fi. Simu yoyote iliyo ndani ya nyumba inafungua anwani fupi kwenye kivinjari na kusoma, bila bando.

Tulipakua mara moja, kwenye siku yetu ya mwezi, tukaiweka kwenye mpakato mdogo wa watoto. Kando yake tukaweka taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa zinazotolewa na Baraza la Mitihani, NECTA, video za hisabati zilizochaguliwa, na mitihani ya kaka ya miaka ya nyuma. Kila mwezi wanaongeza kitu kimoja.

Nilikuwa pale usiku mmoja wa mvua ya Machi. Radi ilianza kunguruma upande wa bonde, na kabla sijasimama, mpwa wangu alikuwa amekwisha kuchomoa adapta na kuirudisha ruta kwenye betri. Dakika chache baadaye umeme ukakatika kijiji kizima, na mnara nao ukanyamaza. Tulikaa gizani tukisikiliza bati likipigwa. Kisha nikaona nyuso mbili za watoto zimeangazwa na vioo vya simu mkekani, wananong'ona juu ya mshipa unaopeleka damu kwenye mapafu.

Shemeji alichungulia kutoka jikoni na taa. "Kumbe intaneti imerudi?"

"Hapana, mama," alijibu mdogo bila kuinua macho. "Tunasoma ya humu ndani."